Kulipia karatasi si kushika kalamu ya mhariri

Mnamo Desemba 1, 2025, wahariri wa majarida mawili ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walielezwa na wakuu wa chuo kwamba kazi yao imesimamishwa mara moja. Jarida moja, Alice, liliandikwa zaidi kwa ajili ya wanawake. La pili, Nineteen Fifty-Six, lilihusu maisha ya wanafunzi weusi, na jina lake ni kumbukumbu ya mwaka wa 1956, wakati Autherine Lucy alipoingia chuoni humo akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi.

Wakuu hao hawakudai kwamba majarida yalikuwa yamechapisha uongo. Walitaja mwongozo uliotolewa Julai 2025 na Mwanasheria Mkuu wa Marekani, Pam Bondi, unaozionya taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu dhidi ya mipango inayoonekana kupendelea jinsia au rangi fulani. Kwa lugha nyepesi, chuo kilisema: si sisi, ni sheria.

Majarida hayo mawili hayakuwa ya hadithi za kubuni. Hata hivyo, kisa chake ni tawi la mti mkongwe, na mizizi ya mti huo imo katika vijarida vidogo vya hadithi fupi na mashairi ambavyo wanafunzi wamekuwa wakivitoa kwa msaada wa vyuo vyao. Chuo hutoa chumba, karatasi na fedha kidogo. Siku moja hutokea hadithi isiyowapendeza wakubwa. Chumba hufungwa, karatasi hukosekana, fedha huelekezwa kwingine. Ndipo huzuka swali ambalo ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: je, anayelipia karatasi amenunua pia haki ya kuamua hadithi ipi isomwe na ipi itupwe?

Alabama inapakana na jimbo la Mississippi, na huko swali hili lilijibiwa na mahakama zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kisa hicho hakijulikani sana humu nchini, nami naona kinastahili kusimuliwa kwa utuvu.

Mwaka wa 1972, wanafunzi waliokuwa wakijifunza uandishi wa kubuni katika Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, walitayarisha jarida waliloliita Images. Mshauri wao alikuwa mhadhiri wa idara hiyo, Evans Harrington. Idara ilikuwa mlezi wa jarida na chuo kilichangia gharama. Kabla halijawafikia wasomaji, hadithi mbili zilizua mtafaruku. Maudhui yake yaligusa mapenzi baina ya watu weusi na weupe, pamoja na fahari ya mtu mweusi kwa asili yake. Wahusika nao walizungumza kama watu wanavyozungumza mitaani, matusi yakiwamo. Chansela Porter Fortune (huko chansela ndiye mtendaji mkuu wa chuo, kama alivyo naibu chansela kwetu) na wasimamizi wenzake waliamua jarida lisitolewe. Walisema lugha ile haikufaa kubeba jina la chuo.

Msomaji akumbuke tunazungumzia mahali gani. Ilikuwa imepita miaka 10 tu tangu James Meredith aandikishwe kuwa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo hicho hicho, mwaka wa 1962, huku watu wawili wakiuawa katika ghasia na Rais John Kennedy akilazimika kutuma majeshi. Ni vigumu kuamini kwamba kilichowaudhi wakubwa mwaka wa 1972 ni maneno machafu pekee. Matusi yalikuwa yakisomwa katika riwaya zilizojaa maktabani. Lakini mapenzi ya mweusi na mweupe, yakiandikwa na kijana wa chuo na kuchapishwa kwa fedha za chuo, hayo yalikuwa mambo mengine.

Kuna kejeli nyingine. Oxford ni mji wa William Faulkner, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka wa 1949, ambaye vitabu vyake vimejaa fujo la rangi na damu katika jamii ya Kusini mwa Marekani. Hadithi fupi ya kwanza ya Faulkner kuchapishwa ilitokea mwaka wa 1919 katika gazeti la wanafunzi la chuo hicho hicho. Chuo kinachojivunia jina lake hadi leo kilikuwa tayari, nusu karne baadaye, kuwanyima vijana wengine mlango ule ule aliopitia yeye.

Wahusika wa jarida hawakukubali. Walikwenda mahakamani, na mwaka wa 1973 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano ikawapa ushindi. Chuo kilikuwa kimejitetea kwamba ndicho mchapishaji, na kama ilivyo kwa mchapishaji yeyote wa binafsi, kina haki ya kukataa mswada. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Ilisema chuo cha umma ni mkono wa serikali, na mkono wa serikali haupati uhuru wa mfanyabiashara kwa sababu tu umenunua wino. Pindi chuo kinapoamua kuanzisha na kulea shughuli ya maoni na sanaa, hakiwezi kuigeukia na kuichuja kwa kuwa kimechukizwa na lugha yake.

Hata hivyo, majaji wa mahakama hiyo walipoketi wote pamoja baadaye mwaka huo, walikipa chuo jambo moja. Waliruhusu jarida libandikwe maelezo kwamba si chapisho rasmi la chuo. Nitairudia nukta hiyo, maana nadhani ndiyo yenye manufaa zaidi kwetu.

Mwaka huo huo wa 1973, mahakama nyingine ya rufaa, ya Kanda ya Nne, iliamua kesi inayofanana na hii, lakini iliyoelekea upande wa pili kabisa. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina Central, ambacho kihistoria ni cha watu weusi, gazeti la wanafunzi, Campus Echo, lilikuwa limeandika tahariri kali ya kupinga kuongezeka kwa wanafunzi weupe chuoni humo. Rais wa chuo, Albert Whiting, aliona tahariri hiyo ni ya ubaguzi na akasitisha ufadhili. Mahakama ilisema si lazima chuo kianzishe gazeti, na chuo kinaweza kulifunga kwa sababu nyingine halali. Kisichoruhusiwa ni kulinyima fedha kwa ajili ya yale lililoyaandika.

Nazitaja kesi hizi mbili pamoja kwa makusudi. Katika moja, vijana walitaka kuandika kuhusu mapenzi yanayovuka mpaka wa rangi. Katika nyingine, vijana walitaka mpaka huo ubaki. Wengi wetu tungependa kuwatetea wale wa kwanza na kuwaacha hao wa pili wajitetee wenyewe. Mahakama hazikufanya hivyo, na hapo ndipo uamuzi wake unapopata uzito. Haki inayomlinda mwandishi tunayempenda peke yake ni upendeleo tu, na upendeleo hubadilika kila anapobadilika mwenye kiti.

Lakini sheria hiyo ina mashimo mawili. La kwanza ni kwamba inavibana vyuo vya umma pekee. La pili ni kwamba mkubwa mwerevu hasemi anasitisha fedha kwa sababu ya hadithi. Anasema bajeti imebanwa.

Shimo la kwanza linaonekana wazi katika kisa cha Chuo Kikuu cha Chicago, ambacho ni cha binafsi. Jarida la fasihi la wanafunzi wake, Chicago Review, lilianzishwa mwaka wa 1946. Kufikia mwaka wa 1958 mhariri wake alikuwa Irving Rosenthal, naye aliwafungulia ukurasa waandishi ambao wachapishaji wakubwa walikuwa wakiwaogopa. Mmojawapo alikuwa William Burroughs, ambaye sehemu za riwaya yake, Naked Lunch, zilianza kuonekana humo kabla hajapata mchapishaji wa kitabu kizima. Oktoba 25, 1958, mwandishi wa safu katika gazeti la Chicago Daily News, Jack Mabley, alilishambulia jarida hilo kwenye ukurasa wa kwanza akiliita uchafu, bila hata kulitaja kwa jina, na akawataka wenye chuo wajiulize ni nini kinachochapishwa kwa jina lao.

Wakati huo chuo kilikuwa na shughuli nyeti. Kilihitaji wafadhili, na mpango mkubwa wa kuukarabati upya mtaa wa Hyde Park, kinakosimama, ulikuwa ukisubiri idhini ya baraza la jiji. Chansela Lawrence Kimpton hakutaka kelele. Toleo la majira ya baridi, lililokuwa na kazi za Burroughs, Jack Kerouac na Edward Dahlberg, likazuiwa. Rosenthal na karibu wahariri wenzake wote wakajiuzulu. Hapakuwa na mahakama ya kukimbilia, maana chuo cha binafsi kina haki ya kuendesha nyumba yake kinavyotaka.

Kilichofuata kimekuwa kama ngano kwa wapenzi wa fasihi. Wahariri waliojiuzulu waliichukua miswada iliyozuiwa wakaanzisha jarida lao, Big Table, jina lililopendekezwa na Kerouac. Januari 29, 1959, washairi Allen Ginsberg na Gregory Corso walisoma mashairi yao katika Hoteli ya Sherman jijini Chicago kuchangisha fedha. Toleo la kwanza lilitoka Machi 1959. Idara ya posta ikanasa zaidi ya nakala 400 kwa madai ya uchafu, na mwaka wa 1960 jaji Julius Hoffman akaamua kwamba halikuwa jarida chafu. (Huyu ndiye Hoffman ambaye miaka michache baadaye alikuja kujulikana duniani kwa ukali wake alipokuwa akiwahukumu wapinzani wa vita vya Vietnam. Watu hawatabiriki.) Zogo hilo lilimfanya mchapishaji Maurice Girodias wa Paris, ambaye awali alikuwa ameukataa mswada wa Burroughs, abadili nia, na riwaya ikatoka mwaka wa 1959.

Kwa hivyo, wapo wanaosema udhibiti ni baraka, kwamba kitabu kikizuiwa huuzwa zaidi. Mimi naipinga hoja hiyo. Burroughs alikuwa mtu mzima mwenye marafiki waliokuwa wakipata umaarufu. Angechapishwa tu, leo au kesho. Swali ni kuhusu wale ambao majina yao hatuyajui, wanafunzi wa mwaka wa pili waliokuwa na hadithi zao kwenye bahasha, wakaona yaliyowapata wahariri, wakazirudisha sandukuni. Big Table lenyewe lilitoa matoleo 5 likafa. Chicago Review lingali hai hadi leo, likiendeshwa na wanafunzi, lakini matoleo yaliyofuata ule mgogoro yalitayarishwa chini ya macho ya watu waliokwishajua gharama ya kukosea.

Huenda msomaji anajiuliza haya ya Marekani yanatuhusu nini. Jibu langu linaanzia Kampala.

Mwaka wa 1958, Idara ya Kiingereza katika Chuo cha Makerere ilianza kutoa jarida la wanafunzi, Penpoint. Lilikuwa jambo dogo, kurasa chache, wasomaji wachache. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alisimulia mara nyingi jinsi alivyoingia humo. Alikutana chuoni na Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na aliyekuwa akihusika na jarida, akamwambia kwamba ameandika hadithi. Ukweli ni kwamba hakuwa ameandika chochote cha maana. Kariara akaomba kuiona. Ikabidi Ngugi aende akaiandike, na hadithi hiyo, kuhusu mwanamke na mti wa mugumo, ikachapishwa. Baadaye naye akawa mhariri wa Penpoint. Mwaka wa 1965, mhadhiri David Cook alikusanya kazi za jarida hilo katika kitabu, Origin East Africa, kilichotolewa na shirika la Heinemann katika mfululizo wake wa waandishi wa Afrika. Kariara mwenyewe aliishia kuwa mmoja wa watu waliojenga tasnia ya uchapishaji jijini Nairobi.

Tazama basi kilichotoka katika vile vikurasa vichache: mwandishi, mhariri, mchapishaji, na kitabu kilichosomwa nje ya bara. Hakuna mhasibu ambaye angeweza kuiandika faida hiyo mwaka wa 1960. Angeona tu gharama ya karatasi.

Lakini msaada huo ulikuwa na mipaka hata wakati ule. Ngugi alisimulia pia jinsi tamthilia yake ya mapema, iliyoonyesha afisa Mwingereza akimbaka mke wa mpiganaji wa Mau Mau, ilivyonyimwa nafasi katika ukumbi wa kitaifa wa michezo ya kuigiza jijini Kampala. Ilisemekana afisa wa Kiingereza hawezi kufanya jambo la namna hiyo. Hakuna aliyesema tamthilia imeandikwa vibaya.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na Cheche. Hili halikuwa jarida la hadithi bali la fikra za kisiasa, lililoanzishwa mwaka wa 1969 na wanafunzi wa umoja wa kimapinduzi, USARF, pamoja na tawi la vijana wa TANU. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania. Walter Rodney aliandika humo. Mwaka wa 1970 jarida lilitoa toleo maalum lenye makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mvutano wa matabaka nchini Tanzania. Novemba mwaka huo, Cheche na USARF yenyewe vikapigwa marufuku. Sababu mojawapo iliyotolewa ilikuwa jina la jarida, lililofanana na lile la gazeti la Lenin, Iskra. Ilisemekana lingewafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi na wala si wake.

Kwa kweli mimi huwaonea wivu kidogo vijana wa Cheche. Walipigwa marufuku waziwazi. Walijua siku, walijua sababu, na Hirji aliweza baadaye kuhariri kitabu kizima cha kumbukumbu kuhusu mkasa huo. Mwenye kupigwa marufuku ana barua ya kuonyesha.

Sisi hatukupata barua. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kimoja cha umma ambacho sitakitaja, tulikuwa kikundi cha wanafunzi tisa tuliokuwa tukitoa kijarida cha hadithi za Kiswahili kwa mashine ya kurudufu ya idara. Toleo la tatu lilikuwa na hadithi kuhusu mhadhiri anayewauzia wanafunzi maelezo ya mihadhara kwa bei ya kuruka, na asiyenunua hafaulu. Hadithi ilikuwa ya kubuni, ingawa kila mtu alicheka akimtazama mtu fulani. Wiki iliyofuata tuliambiwa stensili zimeisha. Mwezi uliofuata mashine ikawa mbovu. Muhula ulipofunguliwa, chumba chetu kilikuwa kimegeuzwa ghala la viti. Hakuna aliyetukemea. Mlezi wetu aliendelea kutuamkua kwa upole koridoni, na nilipomwuliza alisema nchi ina matatizo makubwa kuliko kijarida. Pengine alikuwa amesema kweli. Lakini kati ya wale tisa, ni wawili tu walioendelea kuandika.

Nimekitaja kisa hicho kwa sababu ndivyo msaada unavyoondolewa mara nyingi katika vyuo vyetu. Hapana marufuku, hapana kesi, hapana wa kumlaumu. Hali ya sasa ya kifedha inalirahisisha jambo hilo. Vyuo vikuu vya umma nchini vimelemewa na madeni ya mabilioni ya shilingi, mishahara imewahi kucheleweshwa, na wahadhiri wamegoma mara kwa mara. Nani atasimama katika mkutano wa kupitisha bajeti aseme jarida la hadithi lipewe fedha? Mkuu wa kitivo asiyelipenda jarida hahitaji kulichukia hadharani. Anachohitaji ni kukaa kimya tu.

Na hasara kwetu ni kubwa kuliko ya Chicago. Kule mwandishi chipukizi ana majarida mengi ya kujaribu bahati. Katika Kiswahili nchini Kenya, hadithi fupi ina soko moja kubwa, nalo ni shule. Mikusanyo kama Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine na Mapambazuko ya Machweo na Hadithi Nyingine imesomwa na maelfu kwa maelfu ya vijana kwa sababu iliteuliwa kutahiniwa katika KCSE. Ni mikusanyo yenye kazi nzuri. Lakini mwandishi anayejua kwamba mlango pekee ni ule wa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala huanza kujichuja kabla hajashika kalamu. Hataandika kuhusu tamaa ya mwili ila kwa kuilaani. Hatamwacha mwovu bila adhabu. Ataweka methali kila ukurasa, akimfikiria mtahini atakayeuliza maswali. Jarida la wanafunzi, likiwa huru, ndilo mahali ambapo hadithi ya Kiswahili inaweza kuandikwa bila kumfikiria mtahini.

Wako watakaosema intaneti imelimaliza tatizo hili, kwamba kijana anaweza kuchapisha hadithi bila chuo na bila karatasi. Ni kweli kwamba gharama imeshuka. Lakini msaada wa chuo haukuwa karatasi pekee. Ulikuwa mhadhiri anayesoma rasimu na kusema hapa umepotoka, maktaba inayohifadhi nakala, na jina linalomfanya msomaji asiyekujua akupe dakika tano. Tovuti ya wanafunzi wanne hudumu hadi wanapohitimu na ada ya mwaka inapokosa mlipaji. Matoleo ya Penpoint yangali maktabani.

Sitaki nionekane kana kwamba vyuo havina hoja. Mimi hula mkate wangu kwa kukata maneno ya wenzangu, na sijawahi kuamini kwamba kila lililoandikwa listahili kuchapishwa. Mhariri mwanafunzi ambaye hajui tofauti baina ya hadithi ya kubuni na kashfa iliyovishwa jina bandia atakitia chuo hasara mahakamani, na chuo kina haki ya kuogopa. Isitoshe, mengi yanayoandikwa katika majarida haya ni mabaya. Yetu yalikuwa mabaya. Lakini kuhariri ni kuuliza kama hadithi inatimiza ilichokusudia, na aulizaye anapaswa kuwa ameisoma hadi mwisho. Mkubwa anayesimamisha jarida kwa sababu ya aya mbili alizosomewa kwa simu hahariri chochote.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa sanaa na uhuru wa kitaaluma kwa majina, waziwazi kuliko ile ya Marekani, ambayo majaji wa mwaka wa 1973 walilazimika kuifasiri. Hivyo basi, kwa vyuo vya umma, hoja ya "sisi ndio tunaolipa" ingekuwa dhaifu hapa hata kuliko ilivyokuwa Mississippi. Lakini mwanafunzi wa Kakamega au Maseno hawezi kusubiri miaka miwili mahakamani kwa ajili ya jarida. Atakuwa amehitimu. Kinachohitajika ni makubaliano yaliyoandikwa kabla ya toleo la kwanza, siku ambayo kila mtu bado anatabasamu: nani anamteua mhariri, nani anasikiza malalamiko, na kwamba fedha za mwaka zikishatengwa haziguswi hadi mwaka uishe, hata mkubwa akiudhika. Chuo kikitaka kusitisha msaada mwaka unaofuata, kitoe sababu kwa maandishi. Barua hiyo pekee ingebadili mengi, maana wengi wanaoweza kunyamaza hawawezi kutia sahihi.

Nayo ile ruhusa ya majaji mwaka wa 1973, niliyoahidi kuirudia, inawapa wakuu wa vyuo njia ya heshima ya kujitenga na jambo wasilolipenda bila kulizima. Sentensi moja katika ukurasa wa pili yatosha: yaliyomo humu ni ya waandishi, wala jarida hili si sauti rasmi ya chuo. Chuo kikitaka, na kiichapishe kwa herufi nzito.